Mafuta ya Ayikoru

Bunduki yangu naijua mafuta yake:
tone moja, kitambaa kikavu, basi,
koplo akipitisha kidole hapati la kusema.
Ngozi ya mwanangu nimeisomea miaka mitatu
na bado nafeli.

Januari hapa Arua upepo hushuka bila maji,
vumbi jekundu huingia hata ndani ya chumvi.
Tunakaa yunipoti, kibanda cha bati cha duara;
serikali ilikifunga kwa skrubu, wakati ukazilegeza.
Usiku namsikia Ayikoru:
kwaru, kwaru, kwaru,
kucha nyuma ya goti, kucha kwenye kiwiko.
Panya angekuwa afadhali. Panya hutegwa.

Jirani alileta losheni ya waridi,
chupani mtoto anacheka, mashavu kama mandazi.
Ilinukia harusi.
Sijafunga kifuniko, binti yangu yuko uani
anajimwagia maji ya mtungi:
"Baba, inauma kama pilipili!"

Mama mkwe akatuma kutoka Moyo
mafuta ya shea kwenye kopo la maziwa,
ya kijivujivu, yenye moshi wa jikoni kwake.
Hayakumchoma. Yalilainisha viganja vyangu mimi.
Palipochanika pakabaki pamechanika,
nami nikadanganya kwenye simu: "Yamemaliza kila kitu, Mama."
Mungu atanisamehe;
aliziokota kokwa zile kwa mgongo wake.

Bwana Munguci wa duka la dawa hakuniuzia upesi.
Alivaa miwani, akageuza kopo.
"Afande, soma mgongo. Uso wa kopo ni wa kutongozea."
Tukasoma wawili, kidole kwa kidole:
manukato, rudisha.
Rangi, rudisha.
Jina moja refu kama treni nikalikatalia,
yeye akalitetea: "Si kila jina refu ni adui."

Nikamwuliza, hii nyepesi na hii nzito zina tofauti gani?
Akaniuliza nakaa wapi.
"Yunipoti? Vizuri. Bati likivuja,
unapaka rangi kwanza au unaziba?
Ngozi yake inavuja, Afande.
Maji yanatoka, vumbi linaingia.
Losheni nyepesi ni mgeni wa chai, akinywa anaaga.
Hii nzito inalala mlangoni."

Chema chajiuza, walisema waliotutangulia.
Hiki kilikaa rafu ya chini, kopo jeupe lisilo na picha,
bila harufu, bila haya ya bei:
elfu thelathini na mbili.
Nikakumbuka deni la kantini.
Nikalipa.

Na hata hapo akanizuia kumpaka mwili mzima.
Kiasi cha harage, ndani ya mkono, siku mbili.
Tulipachungulia, mimi na mama yake,
kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.
Pakanyamaza.

Sasa jioni, na tena alfajiri kabla ya gwaride,
maji vuguvugu, si ya moto,
taulo inagusa, haisugui,
na kabla hajakauka nampaka kwenda chini,
njia ya vinyweleo, polepole.
Chuo cha polisi hakikunifundisha mkono huu.
Zipo siku inarudi. Jumanne ilirudi, shingoni;
alikula nini, aligusa nini, hatujui.
Kopo limebaki nusu, mshahara uko wiki mbili mbele.

Leo inspekta alisimama mbele yangu.
Viatu sawa. Mkanda sawa. Kofia sawa.
Begani, juu ya mstari wa pasi,
alama ya mafuta: vidole vinne vidogo na gumba.
"Konstebo, hii nini?"
Nikatazama mbele, kama sheria inavyotaka.
"Mwanangu, Afande.
Usiku alilala."